Hotuba, Baraza na Maiti: Raia katika Juliasi Kaizari, kwa Mtazamo wa Ngong

Tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa William Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tangu hapo wahakiki wengi wameitazama kazi hiyo hasa kama ushahidi katika kesi ya lugha: kwamba Kiswahili chaweza kubeba mawazo mazito ya utawala, na kwamba mistari ya Kiswahili yaweza kusimama bila vina. Kesi hiyo imekwisha kuamuliwa. Samuel Mushi alipotoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969, hapakuwa tena na haja ya kuuliza kama jambo lawezekana. Lililobaki ni kuuhakiki mchezo wenyewe kama tamthilia iliyokwisha kuingia katika fasihi ya Kiswahili, na kuuliza unamwambia nini msomaji wa Kiswahili.

Swali la makala haya ni moja: katika mchezo huu, raia wa Roma wanashawishiwaje kukubali kwamba mtawala wa peke yake aondolewe? Jibu lililozoeleka madarasani ni kwamba raia hao ni bendera kufuata upepo. Brutus anasema nao, wanamshangilia. Antony anasema nao, wanakwenda kuchoma nyumba. Kwa mujibu wa jibu hili, dhamira ya mchezo ni kigeugeu cha umma, na fundisho lake ni kwamba makabwela hawafai kukabidhiwa mambo ya utawala. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo halitokani na matini. Raia wa Roma hawageuki, kwa sababu hawakuwahi kushawishiwa hapo kwanza. Waliarifiwa.

Ili kuonyesha hivyo, mchezo unasomwa hapa pamoja na mambo mawili ya historia ya Kenya. La kwanza ni kuonekana kwa mwili wa mbunge Josiah Mwangi Kariuki katika vilima vya Ngong, wilayani Kajiado, mwezi Machi 1975. La pili ni kijitabu cha Abdilatif Abdalla, Kenya: Twendapi?, cha mwaka 1968. Hakuna linalodaiwa hapa kwamba Kariuki alikuwa Kaizari. Yeye hakuwa mtawala bali mkosoaji wa watawala. Ni kinyume hicho hasa kinachosaidia kuuona mchezo upya.

Dikteta na waliomwondoa

Neno dikteta limeingia katika Kiswahili likiwa lawama. Huko Roma lilikuwa jina la cheo cha kisheria, alichopewa mtu mmoja wakati wa hatari kwa muda usiozidi miezi sita. Kaizari alipewa cheo hicho kwa maisha mwanzoni mwa mwaka 44 K.K., na tarehe 15 Machi mwaka huohuo akauawa. Mwanahistoria Suetonius anasema wala njama walizidi 60, na majeraha yalikuwa 23. Watu zaidi ya 60 walishawishiana kwa siri mpaka wakakubaliana. Raia waliosemekana kukombolewa hawakuulizwa.

Shakespeare hakuwasoma wanahistoria hawa wote. Alimtegemea Plutarch, aliyeandika kwa Kigiriki, akafasiriwa kwa Kifaransa na Jacques Amyot mwaka 1559, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Kwa hiyo tafsiri ya Nyerere ni ya mchezo ambao wenyewe ulizaliwa na tafsiri ya tafsiri. Aidha, yafaa ikumbukwe kwamba mfasiri alikuwa mkuu wa nchi, na kwamba mwezi Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa katika mapinduzi ya askari. Mchezo juu ya kuuawa kwa mtawala haukuwa, kwa msomaji wa mwaka ule, hadithi ya Ulaya ya kale.

Mawe na watu

Mchezo unafunguliwa na makabwela. Fundi viatu na seremala wameacha kazi ili kumshangilia Kaizari. Flavius na Marullus, maofisa waliochaguliwa kuutetea umma, wanawakemea. Marullus anawakumbusha jinsi walivyomshangilia Pompey, naye Kaizari amerudi kutoka vitani dhidi ya wana wa Pompey. Hii ndiyo hoja ya kwanza katika mchezo mzima ya kuwataka raia wamwache Kaizari, nayo ni hoja nzuri: inatumia historia wanayoijua wasikilizaji, inatolewa hadharani, na inatolewa kabla damu haijamwagika.

Lakini Marullus anaitoa kwa matusi. Anawaita magogo na mawe. Raia wanaondoka kimya, na Flavius anaufasiri ukimya huo kuwa ni majuto. Hakuna hata raia mmoja aliyesema kwamba anajuta. Hapo ndipo panapoanza kosa litakalorudiwa na Brutus: kiongozi anauchukua ukimya wa umma na kuutia maneno yake mwenyewe. Baadaye tunasikia kwamba Marullus na Flavius wamenyamazishwa kwa kuvua mapambo katika sanamu za Kaizari. Sauti pekee iliyosema na umma waziwazi inatoweka kabla ya kitendo cha kwanza kwisha, na njia ya mazungumzo inafungwa kutoka pande zote mbili: mtawala anawanyamazisha wasemaji, na wasemaji walikuwa wakiwadharau wasikilizaji.

Inapofika Kitendo cha Tatu, Antony anawaambia raia wale wale kwamba wao si miti wala mawe, bali ni watu. Mhakiki asiyekumbuka onyesho la kwanza hulipita neno hilo kama pambo la usemaji. Kwa hakika ni jibu. Antony anatengua tusi la Marullus, tena bila ya kumtaja. Umma haukusahau ulivyoitwa.

Barua za Cassius

Jambo la pili ni barua. Cassius anaahidi kutupa dirishani kwa Brutus maandishi ya miandiko mbalimbali, kana kwamba yametoka kwa raia mbalimbali, yote yakimwomba ainuke aikomboe Roma. Hapa Shakespeare ameacha chanzo chake. Kwa Plutarch, makaratasi yaliyoachwa katika kiti cha hukumu cha Brutus yalitoka kwa Warumi waliotaka mabadiliko. Shakespeare ameyafanya kuwa ya kughushi. Mabadiliko haya madogo yanageuza maana ya mchezo mzima, kwa kuwa mara ya kwanza raia 'wanaposema' juu ya kuondolewa kwa dikteta, mwandiko si wao.

Jambo ni zito zaidi Brutus anapoisoma barua. Imeandikwa kwa mapengo, na yeye anayajaza mapengo hayo mwenyewe. Anaitikia wito wa umma ambao nusu yake imeandikwa na Cassius na nusu nyingine ameitunga yeye. Baada ya hapo Brutus haoni haja ya kwenda sokoni kuwauliza raia wanataka nini, maana anaamini kwamba wamekwisha kumwandikia. Wahakiki wanaomsifu Brutus kwa uaminifu hawakosei. Ni mwaminifu. Lakini uaminifu wake ni kwa umma wa karatasi.

Hotuba na baraza

Kiswahili kinayo maneno mawili yanayofaa kulipimia Onyesho la Pili la Kitendo cha Tatu. La kwanza ni hotuba, neno lenye asili ya msikitini, ambako msemaji husimama juu na wasikilizaji hunyamaza. La pili ni baraza: kwa asili, benchi la mawe nje ya nyumba ya Mswahili, mahali watu wanapokaa, wakasema na kujibizana.

Brutus anatoa hotuba. Shakespeare amempa nathari iliyopimwa kwa mizani, sentensi ikijibu sentensi. Anauliza kama yupo aliye duni hata akapenda kuwa mtumwa, anasema kwamba anangoja jibu, na raia wanajibu kuwa hayupo. Lakini swali limeundwa kiasi kwamba hakuna awezaye kujibu vingine bila ya kujitukana. Ushahidi wenyewe Brutus hauleti. Anasema umeandikwa na kuwekwa Kapitoli. Anawaambia raia kwamba Kaizari alikuwa na tamaa ya ukuu na kwamba tamaa hiyo imelipwa, akiwaachia kazi ya kuamini. Ndipo raia mmoja anapopaza sauti kwamba Brutus na afanywe Kaizari. Wahakiki hulichekea neno hilo kama dalili ya ujinga, lakini raia huyu ameyaelewa maneno aliyopewa. Ameambiwa kwamba mtu mmoja mwema amemwondoa mtu mmoja mbaya. Kuhusu cheo chenyewe hakuambiwa lolote, kwa hiyo anakitafutia mwenyewe mpya.

Antony anaondoa hotuba na kuweka baraza, au sura ya baraza. Anawaomba raia ruhusa ya kushuka. Anawataka wauzunguke mwili wa Kaizari kwa duara. Anawaachia nafasi ya kusema wao kwa wao, na ni katika nafasi hizo ndimo hoja inamosonga mbele. Hotuba yake ikinyofolewa na kukaririwa peke yake, kama inavyofanywa mara nyingi, nusu ya maana hupotea, maana majibu ya raia yamekatwa. Hoja za Antony zote ni vitu vilivyoonekana: taji lililokataliwa mbele ya macho yao, fidia iliyoingia katika hazina, vazi lililotoboka, na mwisho maiti.

Hapa sarufi ya Kiswahili inamfunua msemaji kuliko Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hakisemwi bila ya kutaja nafsi. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya 'wewe' na 'ninyi' kwa pamoja linamlazimu mfasiri achague kati ya u- na m-, na kila chaguo linaonyesha msemaji amesimama wapi. Hoja ya Brutus imejengwa juu ya ni- na m-: nilimpenda, nimemwua, ninyi amueni. Antony naye anafika mahali ambapo kuanguka kwa Kaizari ni kuanguka kwake, kwenu, na kwetu sote. Tu- hiyo ndiyo iliyowaua kisiasa Brutus na wenzake. Wale waliodai kutenda kwa niaba ya umma hawakuwahi kuutamka umma katika nafsi ya kwanza wingi.

Kadhalika neno la heshima ambalo Antony anawarudishia wauaji mara kwa mara linapata ukali mpya Afrika ya Mashariki, ambako 'mheshimiwa' ni anwani rasmi ya mbunge. Mwigizaji wa Nairobi anayelitamka neno hilo jukwaani hahitaji kulikazia sauti; hadhira italikazia yenyewe.

Hata hivyo haifai kumfanya Antony kuwa mtetezi wa umma. Katika Kitendo cha Nne, yule aliyewasomea raia wosia wa Kaizari, wenye drakma 75 kwa kila mtu, anaagiza wosia huo huo uletwe ili watazame namna ya kupunguza malipo yake. Kati ya maonyesho hayo mawili umma umemwua Cinna mshairi, asiye na hatia, kwa sababu ya jina lake. Duara alilolifanya Antony halikuwa baraza la kweli. Raia walipewa nafasi ya kusema, lakini hawakupewa nafasi ya kuamua.

Ngong, Machi 1975

Kariuki alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini, 'Mau Mau' Detainee, kilitolewa mwaka 1963 na shirika lile lile lililotoa tafsiri ya Nyerere. Katika miaka ya 1970 alijulikana kwa kulaumu ugawaji wa ardhi na kwa onyo lake juu ya nchi ya mamilionea kumi na mafukara milioni kumi. Alionekana hadharani kwa mara ya mwisho Nairobi tarehe 2 Machi 1975. Kesho yake mchungaji wa Kimaasai aliukuta mwili katika vilima vya Ngong. Mwili ulilazwa katika chumba cha maiti cha jiji bila ya jina, huku habari zikienezwa kwamba mbunge yuko Zambia. Tarehe 11 Machi ulitambuliwa na jamaa zake.

Mhakiki akiliweka tukio hili karibu na Kitendo cha Tatu, jambo moja linajitokeza. Kosa kubwa la Brutus, ambalo Cassius alilitambua palepale, lilikuwa kumruhusu Antony auchukue mwili mpaka sokoni. Waliomwua Kariuki hawakulirudia kosa hilo. Walioiacha maiti vichakani Ngong waliitenga na wasikilizaji wake. Maiti isiyo na jina haina msemaji, na pasipo msemaji hakuna duara. Mwili ule ulipopata jina, mji ulianza kusema: wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana, na Bunge likaunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale.

Wanafunzi wa lugha wanayo sababu yao ya kulikumbuka Bunge lile. Tangu Julai 1974, kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta, Kiswahili kilikuwa lugha ya mijadala Bungeni, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1979. Kwa hiyo maswali ya mwezi Machi 1975, ya yuko wapi na nani amemwua, yaliulizwa katika jukwaa la taifa lililokuwa likisema Kiswahili. Waheshimiwa waliitana waheshimiwa katika lugha ya tafsiri ya Nyerere. Ripoti ya kamati iliwekwa mezani mwezi Juni, majina mawili yakiwa yamekwisha kuondolewa kwa matakwa ya Ikulu. Kalamu iliyopunguza wosia wa Kaizari ilikuwa imepata kazi nyingine. Mwezi Oktoba wa mwaka huo wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge na kutiwa kizuizini. Kwa mauaji yenyewe, hakuna aliyepatikana na hatia mahakamani.

Ngong inafundisha pia kwa historia yake ya zamani zaidi. Wamaasai wa nchi hiyo hawakuwa na mfalme. Kila rika lilikuwa na olaiguenani wake, msemaji, ambaye jina lake lina uhusiano na enkiguena, yaani mkutano wa shauri. Nguvu yake ilikuwa katika kusikiliza na kuwapatanisha wasemaji mpaka shauri liive. Serikali ya Kiingereza ilipotaka mtu mmoja wa kusema naye, ilimfanya Olonana, aliyekuwa mtu wa mambo ya kidini, kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, na alama yake ikawekwa katika mkataba wa 1904 uliowaondoa katika ardhi yao ya Bonde la Ufa. Wamaasai waliokwenda mahakamani mwaka 1913 walipinga kwamba waliotia saini mkataba uliofuata, wa 1911, walikuwa na mamlaka ya kuwafunga wengine. Kesi yao ilitupwa. Hoja yao, hata hivyo, ndiyo hoja ambayo hakuna aliyemweleza Brutus juu ya barua zake: mwandiko huu ni wa nani? Na neno baraza nalo, lilipochukuliwa na utawala wa kikoloni, likawa mkutano wa kusikiliza amri za chifu. Baraza liligeuzwa hotuba.

Twendapi?

Yupo mwandishi wa Kiswahili aliyefanya lile ambalo Brutus hakulifanya. Mwaka 1968, baada ya wagombea wa chama cha upinzani cha KPU kuzuiwa katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, aliandika Kenya: Twendapi? na kuisambaza kwa siri. Alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa tangu 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitolewa mwaka 1973 na Oxford University Press kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la Rais ambaye serikali yake ilimfunga.

Yanayohusu hapa ni jina la kijitabu. Katika neno moja, twendapi, mna nafsi ya kwanza wingi, kitenzi cha mwendo, na kiulizi. Msemaji hajajitenga na anaosema nao. Yumo safarini pamoja nao. Wala hajafika. Swali la Brutus lilikuwa na jibu moja tu ndani yake. Swali hili halina jibu mpaka wasomaji walitoe. Tena limeulizwa kabla ya tendo. Kijitabu hakikuwa na jina la mwandishi, na hapa mtu aweza kukifananisha na barua za Cassius. Ufanano huo ni wa juujuu. Cassius alificha jina lake ili aigize sauti ya umma mbele ya mkubwa mmoja. Abdilatif alificha jina lake ili sauti yake iufikie umma wenyewe, na mwandiko ulikuwa wake, akaulipia kwa miaka mitatu.

Hitimisho

Juliasi Kaizari, ikisomwa hivi, haitoi hukumu kama dikteta alistahili kuondolewa. Inaonyesha kwamba watu waaminifu wanaweza kumwondoa mtawala na kubakiza utawala wake, iwapo raia watakutana na jambo hilo mara ya kwanza likiwa limelala mbele yao na damu. Raia wa Roma waliitwa mawe, wakaandikiwa barua wasizoziandika, wakahutubiwa baada ya tendo, kisha wakachochewa na mtu aliyekusudia kuwapunja. Kuwaita vigeugeu ni kuwalaumu kwa kutoshika msimamo ambao hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kuujenga.

Kwa walimu wa fasihi jambo hili lina matokeo yake. Mchezo huu usifundishwe kwa hotuba ya Antony peke yake. Uanzwe na fundi viatu, barua za Cassius zisomwe pamoja na mapengo yake, na majibu ya raia yarudishwe mahali pake sokoni. Aidha isomwe sambamba na matini za Kiswahili zilizosema na umma katika nafsi ya kwanza wingi, kwanza kabisa Kenya: Twendapi?, ambayo kwa miaka mingi imetajwa katika wasifu wa mtunzi wake kuliko ilivyohakikiwa. Mchungaji wa Ngong hakuwa na hotuba. Alitoa habari ya alichokiona, na habari hiyo ilitosha kuwafanya watu waulize. Fasihi inayotaka kusema na raia juu ya watawala wao haina budi kuanzia hapo.